Msiba wa Mtangazaji Aliye Hewani

Kila asubuhi, kabla hajasoma matangazo ya vifo, Kengele alimwambia mama yake anywe dawa.

Hakumtaja kwa jina wala kwa ukoo. Bosi wa redio alikuwa mkali kwa watangazaji wanaogeuza kipaza sauti kuwa simu ya nyumbani. Basi alisema tu, katikati ya saa na hali ya hewa, "Na wewe wa dirishani, kikombe kiko mkono wa kushoto," kisha akaendelea na mengine. Mjini watu walibishana huyo wa dirishani ni nani. Wauza maduka walisema ni hawara. Vinyozi walisema hakuna mtu, ni mbwembwe za redio. Na ng'ambo ya kilima, katika nyumba ya pembeni mwa barabara, mwanamke mzee ambaye macho yake yalikuwa yamebakiza ukungu tu alinyoosha mkono wa kushoto, akakipapasa kikombe, akameza kidonge cha shinikizo la damu, akasema, "Haya mwanangu, nimekunywa." Aliijibu redio kama mtu anavyomjibu aliye jikoni.

Jina la Kengele alipewa na wasikilizaji, kwa kuwa ndiye aliyewaamsha. Alipokuwa msichana alileta kadi ya salamu kwenye kituo kile, mtangazaji wa zamu alikuwa anakohoa, akaambiwa, "Hebu isome wewe mwenyewe." Akaisoma. Hakurudi nyumbani mpaka jioni, na tangu hapo kituo kikawa ndiyo nyumba. Kilikuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Kuta za studio zilifunikwa kwa trei za mayai na mablanketi ya zamani ili sauti isirudi, na kati ya studio na mapokezi palikuwa na kioo kikubwa chenye ufa uliozibwa kwa gundi. Juu ya paa ulisimama mnara wao, mwembamba, umeshikwa kwa nyaya, waya mmoja umefungwa kwenye tangi la maji la jirani. Jirani akigombana na Bosi alitishia kuhamisha tangi.

Zamani fundi mitambo wa kituo alikuwa na desturi nzuri. Kila Jumamosi alipanda pikipiki na redio ndogo ya betri, akavuka kilima, akazunguka vijiji vya huko kusikiliza kama wanasikika. Akirudi alisema, "Tunafika mpaka kwenye kinu cha mwisho," na wote walilala usingizi mwema. Desturi ile ilikufa bila mtu kuiua. Betri za redio ndogo zilihamishiwa kwenye saa ya ukutani, na fundi akawa anaangalia sindano ya mtambo. Ikisimama kwenye kijani, alisema, "Tunasikika." Sindano ile ilionyesha kinachotoka tu. Kinachofika haikukijua.

Hivyo basi hakuna aliyeshtuka simu za ng'ambo ya kilima zilipokoma. Kengele aliona kwamba juma lile salamu zote zilitoka mjini, akajisemea, "Wako mashambani, mvua imeanza." Simu yake mwenyewe ilikuwa kwa fundi simu, imevuliwa kioo. Ya studio iliita mfululizo wakati wa kipindi, ikajaa watu wa mjini, na kipindi kikiisha hapakuwa na wa kuipokea.

Asubuhi hiyo alikuwa katikati ya matangazo ya vifo. Taa nyekundu inawaka. "Tunasikitika kutangaza," alisema, akainua macho, kwani sentensi hiyo angeweza kuisema hata usingizini. Nyuma ya kioo aliona mlango wa mapokezi ukifunguliwa. Akaingia mjomba wake, kaka yake mama, amevaa koti lake la shughuli nzito, na nyuma yake wanaume wawili, mmoja amebeba shuka jeupe lililokunjwa vizuri. Mjomba alikuwa anamwambia mhudumu wa mapokezi jambo kwa sauti ya chini, kofia mkononi. Mhudumu akakunja uso, kama asiyeelewa, akanyoosha kidole kwenye kioo.

Mjomba akageuka. Macho yao yakakutana.

Kinywa chake kilifunguka, lakini kwa trei za mayai na mablanketi Kengele hakusikia kitu. Aliona tu mzee akirudi nyuma, akijikwaa kwenye zulia, akianguka juu ya kochi, na yule mwenye shuka akilitupa na kukimbilia ngazini. Mama! Hakuna jambo jingine ambalo lingemtoa mjomba kijijini na shuka jeupe. Lakini taa nyekundu inawaka, na mtangazaji hapigi kelele taa ikiwaka. Akamalizia jina la marehemu wa watu, akataja saa ya mazishi, akaweka wimbo, akatoka mbio.

"Mjomba! Mama amekufa?"

"Usinisogelee!" Mjomba alikuwa amejibana pembeni mwa kochi, mikono mbele. "Kaa hapohapo! Kama ni wewe, sema. Ulipokuwa mdogo uliniharibia nini?"

"Redio yako. Niliifungua na bisibisi niwaone watu wa ndani."

Mzee akashusha mikono. "Ni yeye," aliwaambia wenzake, ingawa mmoja tu ndiye aliyebaki. "Jamani, ni yeye na utundu wake. Mpwa wangu, tumekuja kuchukua mwili wako."

"Mwili wangu?"

"Gari liko chini. Jeneza limo ndani."

Kengele alikwenda dirishani akachungulia. Lilikuwapo pikapu la kijijini, na ndani yake sanduku jipya la mbao, lina harufu ya vanishi iliyopanda mpaka ghorofani. Alilitazama muda mrefu. Akashika fremu ya dirisha.

"Mbona fupi?" ndilo neno pekee lililomtoka.

"Tuliambiwa radi imepiga mnara na wewe uko chini yake," mjomba alisema kwa aibu. "Tuliambiwa hukubaki mrefu."

Bosi alitoka ofisini, fundi akateremka kutoka paani, na mjomba akasimulia. Tangu usiku wa ile mvua ya radi, namba yao kwenye redio ilikuwa inapiga muziki usio na maneno. Asubuhi muziki, mchana muziki, taratibu, wa kuhuzunisha, bila mtu kusema hata "habari zenu". Na nani asiyejua maana yake? Alipokufa yule mkubwa wa nchi, si redio zote zilipiga muziki wa namna hiyo kutwa kucha? Siku ya kwanza majirani walinong'ona. Siku ya pili mtu akasema radi ilionekana upande wa mjini. Ya tatu mtu mwingine akasema ilipiga mnara wa redio, na mwingine akaongeza kwamba aliyekuwa zamu ni Kengele. Simu yake ikapigwa, haipatikani. Ya studio ikapigwa, inatumika. Jioni ile watu wakaanza kuja na mikeka.

"Haiwezekani!" Bosi alisema. "Tuko hewani! Sindano iko kwenye kijani!"

"Sindano yenu siijui. Mimi najua nina dada anayeomboleza."

"Basi tutangaze! Kengele, ingia sasa hivi, sema uko hai!"

Kengele alimgeukia polepole. "Nimtangazie nani, Bosi?"

Ndipo jambo lilipomfikia sawasawa, kama maji ya baridi yanavyofika mgongoni baada ya kumwagwa kichwani. Asubuhi zote zile alizosema kikombe kiko kushoto, hakukuwa na mtu. Alikuwa anazungumza na ukuta.

"Dawa," alisema. "Mjomba, mama anakunywa dawa?"

Mzee alitazama kofia yake. "Hajagusa. Anasema aliyekuwa anamwambia ameondoka. Kichwa kinamuuma, miguu imevimba. Muuguzi alipomsihi alifunga mdomo kama mtoto."

"Twendeni."

"Twende, ndiyo, lakini siyo hivyo!" Mjomba alimshika mkono. "Umemsahau mama yako mkubwa? Mwanawe aliyedhaniwa amezama alipotokea mlangoni, mama mtu alicheka mara moja tu, akaanguka, akafa. Furaha nayo huua, mpwa wangu. Moyo wa dada yangu sasa ni yai."

Fundi alikuwa anakuna kidevu. "Kuna mnara mpya kileleni," alisema. "Niliuona kwa mbali. Nilidhani wa simu." Akapanda juu ya kiti, akatoa betri kwenye saa ya ukutani, akazitia kwenye redio ndogo. Saa ikasimama.

Walibanana ndani ya pikapu, dereva, mjomba, Kengele mwenye redio mapajani, na fundi nyuma, ameegemea jeneza. Studio alikuwa ameachiwa mtangazaji wa michezo, naye alikuwa anaongea kwa furaha ya mtu aliyepewa kipindi cha mwenzake. Sauti yake ilitoka safi. Gari likaanza kupanda. Kona ya kwanza, safi. Kona ya pili, safi. Kwenye kona ya tatu, ambapo mji unapotea nyuma ya mwamba, mtangazaji alikuwa anasema "na sasa tuelekee kwenye uwa—" na neno likakatika. Ukaingia muziki. Hapakuwa na mkwaruzo, hapakuwa na mvutano wa sauti mbili.

"Simama!" Kengele alisema. "Rudi nyuma."

Dereva alirudi nyuma. "—nja wa nyumbani, ambapo kocha—" Akasogea mbele. Muziki. Nyuma, mtu. Mbele, muziki. Hatua chache tu za barabara ya vumbi, na upande huu upo, upande ule hukuwahi kuwapo.

"Masafa haya ndivyo yalivyo," fundi alisema kupitia dirisha la nyuma, naye uso umempauka. "Mwenye nguvu hamsukumi mnyonge. Anamfuta kabisa."

Kileleni walikuta kontena, jenereta linalonguruma, na mnara mrefu wa rangi nyekundu na nyeupe, antena zimepangwa juu yake kama mbavu. Mwangalizi wa mitambo, mwanaume mnene mwenye ndevu zenye mvi, alitoka akipangusa mikono.

"Haparuhusiwi kuegesha. Na mbona mmebeba jeneza?"

"Mzee wangu, samahani," Kengele alisema. "Tunaomba msaada."

Yule mwanaume aliganda. Alimtazama mdomoni, siyo usoni. "Sema tena."

"Tunaomba msaada."

"Kengele?" Alirudi hatua moja. "Lakini wewe umekufa! Mke wangu yuko msibani kwako toka juzi. Mimi mwenyewe nimelia humu ndani!"

"Ukalia huku unapiga muziki wa nini?" fundi alifoka.

"Wa majaribio! Redio mpya, bado haijazinduliwa. Ofisi imesema muziki mtupu, asiseme mtu neno mpaka siku ya uzinduzi, kwa hiyo mimi..." Alitazama juu, kwenye antena zake, kisha bondeni ambako paa la nyumba ya msiba lilionekana, dogo kama kiberiti, na watu wameizunguka. Akashika kichwa. "Ni mimi. Ni mimi niliyekuua."

"Namba hii ni yetu!" fundi alisema. "Tuna kibali!"

"Na sisi tunacho! Kimetundikwa pale ndani, kioo na fremu!"

Wote wawili walisema kweli. Ofisi ya masafa ilizipa redio mbili namba moja kwa sababu kwenye ramani kilima kilizitenganisha kama ukuta, na kibali cha redio mpya kilisema mnara ujengwe chini bondeni. Mtu fulani aliona bondeni mbali, akaujenga juu ya ukuta wenyewe. Mzozo huo ulikuja kwenda ofisini na kurudi mara nyingi, na mwisho redio mpya ikapewa namba nyingine. Lakini siku ile Kengele hakuwa na haja nao.

"Namba mtagombania kesho," alisema. "Mimi nataka dakika moja. Mama anisikie kwanza kwenye redio, polepole, kama siku zote. Akishazoea kwamba nipo, ndipo aniguse."

Mwangalizi alipangusa tena mikono. "Nimekatazwa neno lolote lisitoke." Akatazama tena lile paa. "Dakika moja. Na mkiulizwa, sijui kitu."

Fundi alitoa simu yake ili amrekodi. "Sema uko hai, ni kosa la mitambo."

"Hapana. Nikimwambia niko hai, nitakuwa nimekumbusha kufa. Nitasema ya kila siku." Akaisogeza simu mdomoni, akafumba macho, akasema maneno yake.

Wakapatana. Fundi abaki kileleni na simu yake, na mwangalizi akiliona gari limesimama mbele ya nyumba, awape muda wa kuingia, kisha aicheze sauti. Jeneza liliteremshwa, maana lingefika pale, kilio kingeua watu wazima.

"Hapa?" mwangalizi aliuliza. "Jamani, mimi nalala hapa!"

"Fupi hilo," mjomba alimwambia. "Halikutoshi."

Pikapu lilimshusha Kengele kabla ya nyumba, akazunguka kwa nyuma, mtandio umefunika uso. Uani wanawake wawili walikuwa wanasugua sufuria, wamempa mgongo.

"Majivuno alikuwa nayo," mmoja alisema, "lakini sauti, Mungu alimpa."

"Majivuno gani? Alikosa muda tu."

"Si ndiyo hayo. Mara ya mwisho kukanyaga hapa ilikuwa lini?"

"We! Si alikuwa anakuja kila asubuhi."

Wakarudi kusugua. Kengele alipita nyuma yao kama mwizi. Maneno yale yalimchoma kuliko sanduku lenye harufu ya vanishi. Akafika ubavuni mwa nyumba, akachuchumaa chini ya dirisha la mama. Kupitia nondo alisikia sauti ya mjomba akiingia, na chumba kizima kikikaa kimya.

"Mmemleta?" Ilikuwa sauti ya mama. Ilikuwa imekonda.

"Tumemleta, dada. Lakini kwanza nataka kuwasha redio."

"Redio? Kaka, una akili? Kwenye msiba?"

"Niamini mara moja tu."

"Usiondoe kitambaa cha redio! Nimesema ifunikwe."

Swichi ikalia. Muziki usio na maneno ukajaa chumbani, na wanawake wakaanza kuguna na kufuta machozi. Mtu akasema mzee huyu amechanganyikiwa, msimamisheni. Ghafla muziki ukakoma. Kengele, chini ya dirisha, akajisikia akivuta pumzi ndani ya nyumba.

"Habari za asubuhi. Kumekucha, na kumekucha kwa wote. Na wewe wa dirishani, kikombe kiko mkono wa kushoto."

Kilio kikalipuka. Hakuwa amewahi kusikia kilio kama kile. Ukuta alioegemea ulitetemeka. "Wanacheza kanda yake!" mwanamke mmoja alipiga yowe. "Jamani, wameanza kucheza kanda zake!" Na mjomba akipiga kelele, "Hapana! Sikilizeni! Hapana!" lakini nani angemsikia?

Kengele alishika mdomo. Vipi hakuliona hilo, yeye aliyeko redioni miaka yote? Mtangazaji akifa, jambo la kwanza wenzake wanalofanya ni kuchezesha sauti yake. Yeye mwenyewe aliwahi kuwafanyia wenzake wawili. Amempelekea mama yake uthibitisho.

Kilio kilipoteremka kidogo, mama alisema, pole kabisa, karibu na nondo, "Walikuwa wananiambia, nikawa nasema labda. Kila siku nasema labda. Sasa nimeamini."

Mipango yote ilimtoka Kengele. Alisimama.

"Mama, usiamini."

Kilio kilikatika kama taa iliyozimwa. Uso wa mama uligeuka, lakini haukugeukia dirisha. Uligeukia redio. Aliinamisha sikio kwenye kile kisanduku, akakishika kwa mikono miwili.

"Umesemaje?"

"Siyo huko, mama. Huku. Leo wa dirishani ni mimi."

Mtu mmoja aliona uso nyuma ya nondo, na hapo nyumba ikamwagika. Walitoka kwa milango yote, wakakanyaga viatu vya wenzao, sufuria za uani zikalia, na mmojawapo wa wale wasugua sufuria alipita mbio akisema, "Mimi sikusema kitu! Aliyesema ni yeye!" Chumbani walibaki mjomba, akiwa amemkumbatia dada yake kwa nyuma ili asianguke, na mama mwenyewe, ambaye hakuanguka.

Alipitisha mkono kati ya nondo. Vidole vilitua kwenye paji la uso wa Kengele, vikashuka puani, vikasimama midomoni, vikangoja.

"Sema kitu."

"Shikamoo, mama."

Pumzi ikamgusa vidoleni, ya moto. Mama aliacha mkono palepale kwa muda mrefu. Kisha akauinua kidogo, akampiga mwanawe kofi la shavu, jepesi, la mtu asiyeona anakolenga.

"Muziki wote ule," alisema. "Muziki wote ule, mwanangu, na wewe una miguu."

Kule kileleni mwangalizi alikuwa amerudisha majaribio yake, na nyuma ya mama redio ilikuwa inapiga tena ule muziki, taratibu, kana kwamba hakuna lililotokea.

"Dawa hujanywa," Kengele alisema.

"Sijanywa."

"Kikombe kiko—"

"Najua kiliko." Mama aliupapasa ukingo wa dirisha, akakipata kikombe kilichokauka, akakitoa nje kati ya nondo. "Maji hakina. Zunguka mlangoni, uje uninyweshe kwa mkono wako. Na wewe kaka, zima hicho."